Muuza Duka kama Mnunuzi: Elimu na Ulinzi wa Mlaji katika Biashara ya Rejareja Wilayani Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Miji ya Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, imeunganishwa kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 65. Sukari, mafuta ya kula, sabuni, vipodozi, betri na mbegu hufika kwa barabara kuu ya kutoka Chalinze kupitia Segera, zikitoka Dar es Salaam au Tanga. Hushushwa kwa wauzaji wa jumla wa Manundu mjini Korogwe na wa Chanika mjini Handeni, kisha husambazwa kwa fuso, basi dogo na bodaboda hadi maduka ya vijijini na magulio. Mahindi, machungwa, maharage na mkaa husafiri kwa njia hiyohiyo kuelekea upande wa pili. Mtu wa mwisho katika mnyororo huu ni mnunuzi anayeagiza sukari ya robo kilo. Anayemtangulia ni muuza duka, ambaye juma lililopita naye alikuwa mnunuzi mbele ya kaunta ya mtu mwingine.

Makala haya yanafafanua jinsi elimu na ulinzi wa mlaji vinavyofanya kazi katika hatua hizo mbili za mwisho, na mahali vinapokwama. Hoja yake ni kwamba sheria imemwacha muuza duka mdogo nje ya maana ya mlaji, na uelimishaji wa umma humkaribia zaidi kama mshukiwa kuliko kama mtu anayeweza kudanganywa. Matokeo yake ni kwamba hasara ya bidhaa mbovu huishia kwa watu wawili wasio na uwezo wa kuibeba: yeye na mteja wake.

2.0 Kutoka bei ya serikali hadi haki za mlaji

Ulinzi wa mlaji nchini Tanzania haukuanza na Tume ya Ushindani. Kwa miaka mingi ulimaanisha bei. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei iliyounda Tume ya Bei ya Taifa, na orodha ya bei halali ndiyo ikawa ngao ya mnunuzi. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka, iliyolenga kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka maduka ya ujamaa mahali pake. Uhaba wa bidhaa ulipozidi, mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mfanyabiashara aliyekutwa na shehena ya sabuni au sukari isiyoelezeka alijikuta mbele ya mahakama maalumu.

Kipindi hicho kilipita. Biashara ilianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, sheria ya kwanza ya ushindani ikatungwa mwaka 1994, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ikachukua nafasi yake. Leo bei ya bidhaa nyingi huamuliwa na soko. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni miongoni mwa bidhaa chache ambazo mamlaka ya udhibiti, EWURA, bado inazitangazia bei kikomo kila mwezi. Kilichobaki cha enzi ile ni mkao wa pande mbili: ofisa hufika sokoni akitafuta kosa, na mfanyabiashara huona gari la serikali, hushusha mlango wa duka kwanza, kisha huuliza limefuata nini. Uelimishaji wowote unaofanyika katika magulio ya Handeni au sokoni Manundu unafanyika ndani ya mazoea hayo, hata kama waelimishaji wenyewe walizaliwa baada ya 1983.

3.0 Nani ni mlaji?

Neno lenyewe lina mgogoro. Katika Kiswahili cha kila siku mlaji ni anayekula, na si mara zote kwa sifa njema: kiongozi mlaji si kiongozi anayesifiwa. Kipaza sauti kinapotangaza sokoni kwamba leo itatolewa elimu ya haki za mlaji, msikilizaji ana sababu ya kudhani kwamba jambo lenyewe ni chakula, na kwamba aliyenunua redio, bati au viatu hahusiki. Baadhi ya taasisi hutumia mtumiaji badala yake. Neno hilo nalo lina kasoro, kwa kuwa anayenunua si lazima awe ndiye anayetumia. Pengine mnunuzi lingetosha katika mikutano ya hadhara, na mlaji likabaki katika maandishi ya kisheria.

Katika maandishi hayo maana ni finyu kwa namna nyingine. Sheria ya Ushindani humtambua mlaji kuwa ni mtu anayenunua, au anayekusudia kununua, bidhaa au huduma kwa lengo lisilo la kuuza tena. Na humwondoa anayenunua ili atumie katika kuzalisha bidhaa za kuuzwa. Mstari huo ni wa busara unapochorwa kati ya familia na kampuni. Ukichorwa Handeni hukata vibaya. Muuza duka anayechukua katoni tatu za sabuni kwa mtaji alioukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa si mlaji, kwa sababu anauza tena. Mkulima anayenunua mfuko wa mbegu za mahindi naye ana utata: mahindi atakayovuna, sehemu atakula na sehemu atauza. Je, ni mlaji kwa nusu ya mfuko?

Haifai kulikuza pengo hili kupita kiasi. Katazo la kupotosha na kudanganya katika biashara, lililomo katika sheria hiyohiyo, halimbagui aliyedanganywa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo humpa mnunuzi yeyote, hata wa kuuza tena, haki ya kudai bidhaa inayolingana na maelezo yake. Kwa mbegu ipo Sheria ya Mbegu ya 2003, chini ya taasisi ya uthibitishaji TOSCI, ambayo imeweka kwenye vifungashio lebo ya kukwangua yenye namba ambayo mkulima huituma kwa simu na kujibiwa kama mbegu imethibitishwa. Lakini haki inayohitaji mtu kumshtaki muuzaji wake wa jumla kwa mkataba ambao haukuandikwa si sawa na haki ambayo tume ya serikali inaweza kuisimamia kwa niaba yake. Tofauti hiyo ndiyo inayomgharimu muuza duka.

4.0 Vipimo: mahali palipo na mazoea mengi kuliko sheria

Hakuna eneo ambalo mnunuzi na muuzaji wa wilaya hizi hukutana na ulinzi wa mlaji mara nyingi kuliko kipimo, na hapa ndipo mambo huwa magumu kuliko vipeperushi vinavyoonyesha. Sheria ya Vipimo Na. 20 ya 1982 husimamiwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa angalau mara moja kila mwaka na kubandikwa stika. Mteja aliyefundishwa kuitafuta stika hiyo na kuusoma mwaka wake amepata elimu inayomfaa siku hiyohiyo, bila wakili na bila barua.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya biashara haipiti kwenye mizani. Mahindi huuzwa kwa debe, maharage kwa kisado, viazi na nyanya kwa fungu, mkaa kwa kopo au gunia. Kisado, ambacho jina lake hunasibishwa na kopo la rangi la Sadolin, hakina ujazo unaofanana kila mahali, hasa kinapokandamizwa kitako, kinapokatwa ukingo au kinapojazwa kilima juu. Kilima hicho huongezwa kwa mteja anayependwa na hukatwa kwa kiganja kwa mgeni. Kukiita udanganyifu moja kwa moja ni kutoielewa biashara ya sokoni. Kukiita desturi tu ni kumsahau mgeni.

Gumu zaidi ni kwamba mnunuzi wa kijijini mara nyingi hataji kiasi. Hutaja fedha: mafuta ya mia tano, sukari ya mia tano. Bei ya jumla ikipanda mjini Korogwe, mia tano hubaki mia tano na kinachopungua ni mafuta ndani ya kikombe. Bei haionekani kupanda, na hakuna mizani iliyodanganya. Uelimishaji unaomwambia mama huyu adai kipimo sahihi unamtaka abadilishe kwanza namna yake ya kuagiza, na namna hiyo imetokana na fedha alizonazo mkononi wala si ujinga. Kinachowezekana ni kubandika dukani karatasi inayoonyesha mia tano ya leo ni mililita ngapi. Muuza duka mwaminifu hapotezi kitu kwa kuiandika, na hupata namna ya kumweleza mteja anayenung'unika kwamba kiasi kilichopungua kilianza kupungua kwenye bei ya jumla.

Lumbesa ni kisa tofauti kidogo, kwa kuwa hapo anayepunjwa ni mzalishaji. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa kichwa cha kamba au cha kipande cha gunia jingine, na mzigo unaopita humo hauhesabiwi katika bei. Sheria inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Hesabu ya mkulima haihitaji mizani: akiuza magunia kumi ya debe saba kwa bei ya gunia la debe sita, ametoa debe kumi bure, yaani zaidi ya gunia moja na nusu. Viazi, kabichi na karoti kutoka milima ya Lushoto hushukia Mombo, wilayani Korogwe, kabla ya kuendelea na safari, na mtu akisimama pale kando ya barabara kuu huelewa kwa nini agizo la kukataza lumbesa hutolewa tena na tena. Mkulima mmoja akikataa, mchuuzi hununua kwa jirani yake. Kwa hiyo kumwelimisha mkulima peke yake ni kumtwika mzigo wa kukataa katika soko ambalo hakulipanga. Kituo cha pamoja cha kupimia, kinachosimamiwa na chama cha ushirika au halmashauri, hufanya kazi ambayo semina haiwezi kuifanya.

Mlaji wa mjini hafaidiki na lumbesa. Ziada hubaki katikati, kwa anayefungua gunia na kulipanga upya. Muuza genge wa Korogwe anayeuziwa gunia lililokwisha kupunguzwa huuza mafungu madogo ili mtaji urudi, na mteja humlaumu yeye.

5.0 Bidhaa bandia, lebo na tarehe

Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishwa kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Bidhaa bandia, yaani zinazoigiza alama ya mwingine, ziko chini ya Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Vipimo, kama ilivyoelezwa, vina wakala wake, na mbegu zina taasisi yake. Duka moja la mita tatu kwa nne laweza kuwa chini ya taasisi tano. Mwenye duka hajui ni ipi imembishia hodi, na mteja mwenye malalamiko hajui aanzie wapi. Mgawanyo huu una sababu zake za kitaalamu, lakini haupaswi kuwa mzigo wa mteja kuukariri. Ofisa biashara na ofisa afya wa halmashauri, ambao ndio wanaofikika kwa miguu au kwa bodaboda, wangetosha kuwa mlango mmoja wa kupokea malalamiko yote na kuyapeleka yanakostahili. Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne, mbili za miji na mbili za wilaya. Milango minne basi.

Kampeni za TBS katika ngazi ya wilaya hufanyika masokoni, minadani, stendi na shuleni. Ujumbe wake ni mfupi: tafuta alama ya ubora, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, toa taarifa. Uamuzi wa kuwafikia wanafunzi ni mzuri kuliko unavyosifiwa, kwa sababu katika kaya nyingi mtoto ndiye anayetumwa dukani na ndiye anayesoma vizuri zaidi. Hata hivyo kusoma tarehe si jambo jepesi. Herufi MFG na EXP hazimaanishi kitu kwa asiyezifahamu, na mwenye kukisia huweza kuichukua tarehe ya kutengenezwa kuwa ndiyo ya mwisho. Tarehe iliyoandikwa 03/04 yaweza kuwa ya Machi au ya Aprili kutegemea nchi ilikotoka. Tena bidhaa inayopimwa haina tarehe kabisa: mafuta yaliyomiminwa kutoka kwenye dumu na unga uliotolewa kwenye kiroba vimeacha lebo nyuma ya kaunta. Hapo mteja hana cha kusoma. Anamtegemea muuza duka ahifadhi kifungashio na akubali kukionyesha.

Lugha nayo haijatatuliwa. Katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ambako tangu Juni 2022 zimehamishiwa familia kutoka Ngorongoro, kuna wanunuzi ambao lugha yao ya kwanza ni Kimaasai. Kwa bibi aliyekulia lugha hiyo, lebo ya Kiingereza na tangazo la Kiswahili cha kiofisi hukaribiana kwa ugumu. Muuza duka aliyejifunza maneno machache ya wateja wake anaweza kumweleza hatari ya krimu yenye zebaki au haidrokwinoni vizuri kuliko bango lolote, mradi awe ameielewa yeye kwanza, na mradi faida ya krimu hiyo isiwe ndiyo inayomlipia kodi ya fremu.

Ukaguzi ukikuta bidhaa bandia au iliyokwisha muda wake, huchukuliwa na kuteketezwa, na gharama humwangukia mwenye bidhaa. Kwa aliyeagiza kontena kutoka ng'ambo adhabu hiyo ni sehemu ya hesabu zake. Kwa mwenye duka wa kijijini, katoni mbili zikiondoka, mtaji wa mwezi umeondoka, na mara nyingi hakujua kwamba betri zile ni za kuigiza, kwa kuwa alizinunua kwa bei iliyokaribiana na ya halali. Sheria haiwezi kumwacha aendelee kuziuza. Inaweza, hata hivyo, kumwuliza alizinunua wapi na kulifuata jibu. Isipolifuata, bandia ileile hurudi kwa duka jingine juma linalofuata, na mwenye duka aliyeadhibiwa hujifunza kuficha bidhaa badala ya kuzichunguza.

6.0 Daftari la mkopo na ukimya wa mteja

Rais John F. Kennedy wa Marekani, katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi hiyo tarehe 15 Machi 1962, alitaja haki nne za mlaji: usalama, kufahamishwa, kuchagua na kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo huadhimishwa kama Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Katika kitongoji chenye duka moja, haki ya kuchagua ni ya kinadharia. Haki ya kusikilizwa inazuiwa na kitu kingine, nacho ni deni. Familia nyingi huchukua bidhaa kwa daftari na kulipa baada ya mavuno au siku ya mshahara wa kibarua katika mashamba ya mkonge. Anayedaiwa harudishi unga wenye wadudu kwa sauti kubwa. Ataupepeta, atauanika, au atawapa kuku.

Kwa sababu hii namba ya simu ya bure haitoshi kuwa njia ya malalamiko. Mteja hataki muuza duka wake akamatwe. Anataka abadilishiwe unga, na kesho akopeshwe tena. Maneno yanayochapwa kwenye stakabadhi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, yamepigwa vita na Tume ya Ushindani, kwani sheria huweka masharti ya ubora katika mauzo kwa mlaji, na tamko la muuzaji haliyafuti. Ujumbe huo ungefika mbali zaidi kama ungeambatana na wa pili: kwamba muuza duka aliyembadilishia mteja naye anayo haki ya kurudi kwa muuzaji wa jumla na kubadilishiwa. Bila sehemu hiyo ya pili, anayeambiwa apokee unga mbovu anaambiwa kwa kweli aununue mara ya pili.

7.0 Kumfundisha muuzaji kununua

Kutokana na hayo, mafunzo yanayofaa zaidi katika mazingira haya ni yale yanayoanza na manunuzi ya muuza duka mwenyewe, siku anapokwenda Manundu au Chanika kujaza mzigo. Afungue katoni mbele ya aliyemuuzia. Alinganishe tarehe ya katoni na tarehe ya pakiti ndani yake, maana zikitofautiana kuna mtu aliyezibadilisha. Akipata mbegu, akwangue lebo ya mfuko mmoja kabla hajalipia mifuko ishirini. Mizani aliyoinunua mnadani aipeleke kuhakikiwa kabla ya kuitumia.

Zaidi ya yote, awe na daftari la pili, tofauti na lile la madeni, lenye safu nne: tarehe, jina la muuzaji wa jumla, bidhaa, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kifungashio. Duka dogo linaweza kulianzisha kwa kalamu ya mia mbili. Mkaguzi akikuta bandia, safu hizo humwezesha kupanda mnyororo kutoka kijijini hadi kwa muuzaji wa jumla, na kutoka hapo hadi kwa mwagizaji. Mteja akileta malalamiko, safu hizohizo huonyesha toleo hilo lilinunuliwa lini na kwa muuzaji gani wa jumla.

Daftari hilo lina udhaifu mmoja usioweza kuondolewa na muuza duka peke yake. Lina nguvu pale tu linapolingana na risiti ya muuzaji wa jumla, na risiti iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali" ikifuatiwa na jumla ya fedha haithibitishi lolote kuhusu katoni ile ya betri. Muuza duka anayedai risiti yenye jina la bidhaa na namba ya toleo anaweza kuambiwa akanunue kwingine, kama mkulima anayekataa lumbesa. Ofisa biashara wa halmashauri hawezi kuambiwa hivyo. Ana mamlaka ya kuingia katika ghala la jumla, kukitaka kitabu cha risiti na kusoma kilichoandikwa humo, na ghala hilo liko mtaa wa pili kutoka ofisini kwake.